Punje Mbili za Tunda Moja

Jumanne, 5 Novemba

Nimeshona sare nne leo. Sketi mbili zimebaki marinda tu. Mvua tangu asubuhi na umeme hakuna, kwa hiyo nimepiga pasi ya mkaa na nguo zinanuka moshi. Wateja watalalamika. Walalamike.

Senene wameshuka. Kijiji chetu kizima cha Nkwenda kimepagawa. Alfajiri nimemwona jirani yangu muuza nyanya, mtu mzima na heshima zake, anakimbizana nao kwenye majani kanga imemtoka kiunoni. Mimi mtoto wa Muheza ilinichukua miaka mitatu kumweka mmoja mdomoni. Binti yangu Keza alianza kuwala hata meno hayajatimia. Leo nimemkaangia bakuli zima na vitunguu. Hajagusa. Anasema ameshiba. Mtoto huyu hajawahi kushiba senene tangu azaliwe.

Baba yake yuko Kayanga. Mashine ya kukoboa kahawa ya mtu imekufa, na mashine ikifa huku anaitwa yeye.

Ijumaa, 8 Novemba

Mume wangu Seba amerudi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Hata hajanawa, akaanza habari ya kwao Kisoro.

Kisa chenyewe. Wiki iliyopita Keza aliuliza mezani, "Mnyamahanga ni nani?" Hilo ni neno la huku, maana yake mtu wa nje, asiye wa hapa. Wenzake wa darasa la tano ndivyo wanavyomwita. Baba yake Mfumbira wa Uganda, mama yake Mbondei wa Tanga, na yeye kazaliwa hapa hapa, kilomita hata mbili kutoka kwenye darasa lenyewe. Anaongea Kinyambo, lugha ya huku, kunishinda mimi kwa mbali. Haisaidii. Watoto wanataka kujua shangazi yako ni yupi, shamba la babu yako liko kilima gani. Keza hana wa kumtaja.

Kwa hiyo Seba anataka Januari ahamie Kisoro kwa bibi yake. Kuna binamu chungu nzima, kuna baba mkubwa mwalimu. "Huko ana watu," anasema. Nikamuuliza mbona si Muheza, huko nako kuna watu. Akacheka. Akasema Muheza ni mbali. Mbali na nani? Tumelala kila mtu na ukuta wake.

Nina wivu na Kisoro. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwa mdomo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani watu wanapotoka husimama kwa mafungu. Wajomba huku, wakwe kule, wajukuu wanavutwa mashavu. Sisi watatu hutoka tukaenda moja kwa moja nyumbani. Zamani sikuwa naona. Sasa naona kila Jumapili.

Nimeshinda nikiwaza kwetu. Mchungwa ulioegemea jiko la bibi. Fenesi likipasuliwa, watoto tunapakwa mafuta ya nazi mikononi ili utomvu usigande. Tulikuwa tunalala wangapi kwenye ule mkeka? Sikumbuki, na sidhani kama bibi mwenyewe alikuwa anajua. Ukipigwa na mama unakwenda kulia kwa shangazi. Ukipigwa na shangazi unarudi kwa mama. Hukosi pa kulilia. Keza nikimgombeza anakwenda kukaa chooni.

Ana rafiki mmoja tu wa kweli, Kokushubira, tunamwita Koku. Analelewa na bibi yake ng'ambo ya bonde, kwenye migomba na kahawa. Mtoto mkorofi, ana mapengo, hasemi shikamoo mpaka akumbushwe. Nampenda sana.

Jumatano, 13 Novemba

Keza anatembea ameinama, kashika tumbo. Nikajua siku zake zimefika. Miaka kumi na moja, si ajabu. Nikaandaa hotuba yangu vizuri, nikafunga mlango, nikamkalisha. Nimeongea karibu nusu saa. Akanisikiliza kwa adabu zote kisha akasema, "Mama, si hicho."

Nikamfunua blauzi. Kitovu kimevimba, chekundu, kina usaha, na juu yake mkato. Mkato wa wembe. Mwili una joto kama jiwe la jikoni.

Nimemuuliza kwa upole. Nimemuuliza kwa ukali. Nimemtishia kumwambia baba yake. Kashusha blauzi akageukia ukuta. Nimeogopa. Mtoto anayejikata mwenyewe ana nini moyoni?

Alhamisi, 14 Novemba

Hospitali, Nyakahanga. Bodaboda mpaka barabarani, gari mpaka Omurushaka, gari jingine. Keza kichwa begani kwangu njia nzima.

Nesi alikuwa binti mdogo, mpole. Akanitoa nje. Aliponiita ndani nikakuta Keza keshasema yote, na nesi anajikaza asicheke.

Ni mukago. Nimewahi kuusikia kwa wateja wangu wazee. Ni udugu wa damu wa watu wa huku, wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu. Unachuma tunda moja la kahawa, ndani mna punje mbili zimelaliana. Kila mmoja anajichanja kitovuni, anapaka damu yake kwenye punje moja, kisha mnabadilishana na kumeza. Tangu hapo wewe ni ndugu yake, na ukoo wake ni ukoo wako. Keza na Koku wamefanya hivyo nyuma ya shule, kwenye mibuni ya jirani, kwa wembe wa kuchongea penseli. Chanzo ni Keza. Alimwambia Koku anataka shangazi.

Na senene? Ukoo wa Koku hauli senene, ni mwiko wao. Kwa hiyo na yeye hali tena. Mtoto wangu kaacha senene katikati ya msimu, bila kulazimishwa na mtu.

Nilicheka. Halafu nikaacha. Damu. Nesi naye hakuwa anacheka tena. Amesema watoto wote wawili wapimwe, na Koku aletwe upesi. Keza kasafishwa, kachomwa sindano, kapewa dawa.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwenda kwa bibi yake Koku. Natamani siku hii ifutike.

Nilimkuta anaanika maharage. Nikamwamkia, nikaeleza. Akaendelea kuanika mpaka nikamaliza. Halafu akasimama, mwanamke mfupi yule, nikaona kama kaenea uwanja mzima. "Wasichana hawali mukago! Umesikia wapi? Tangu lini?" Mengine aliyasema kwa Kinyambo na kwa bahati nzuri sikuelewa. Akamwita Koku, akamfunua tumbo. Mkato wake umepona, kovu dogo tu. Akampiga kofi moja, kisha akamvuta kifuani akamng'ang'ania hivyo hivyo, huku anaendelea kunigombeza mimi.

Nimeambiwa mwanangu kaleta wembe kwenye nyumba yao. Sikubisha. Jumatatu tutakwenda wote.

Jumatatu, 18 Novemba

Salama. Wote wawili salama. Watarudi kupimwa tena baadaye, ndivyo utaratibu ulivyo, lakini nesi amenitazama usoni akasema nilale.

Bibi hajanisemesha kwenda wala kurudi. Wasichana walikaa benchi moja wakigawana chapati, wakichekana vitovu. Nimekwenda choo cha hospitali, nikafunga mlango, nikalia mpaka mtu akagonga.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwambia Seba. Ilibidi, dawa ziko mezani. Nimesema kwa kifupi: walikuwa wanacheza na wembe, wakakatana, wakapimwa, wamepona. Habari ya kahawa sikuitaja. Ya nini? Upuuzi wa watoto, utamwongezea hasira bure.

Hasira haikuhitaji kuongezewa. Hakupaza sauti, na mimi namjua, asipopaza ndiyo mbaya zaidi. Kasema mtoto anaharibika hapa na mimi nimekaa kwenye cherehani nakanyaga tu. Shule zikifungwa anampeleka Kisoro mwenyewe, tarehe 7 Desemba, kwa njia ya mpaka wa Murongo. Kaka yake keshapata simu.

Nilitaka kubisha. Nikaenda kukunja sare za watu. Na hilo la cherehani limenichoma kwa sababu nusu yake ni kweli.

Jumamosi, 23 Novemba

Keza kaambiwa. Hakulia. Kauliza kama Kisoro kuna kahawa.

Baba yake akamsimulia Kisoro jioni nzima. Mlima Muhavura unavyovaa wingu kama kofia. Viazi vinavyochomwa pale pale shambani, unakula majivu na yote. Baridi ya asubuhi, watoto watano ndani ya blanketi moja, anayeamka mwisho ndiye anayebaki na joto lote. Seba akisimulia hivi anakuwa mzuri sana wa uso. Ndivyo alivyonipata. Ila leo nimeona kwake jambo jingine: hampeleki mtoto tu. Anataka mtoto arudi utotoni kwa niaba yake. Na mimi na Muheza yangu ni hivyo hivyo. Sote wawili tunamvuta mtoto arudi mahali ambapo yeye hajawahi kutoka.

Jumatano, 27 Novemba

Namshonea gauni la Kisoro. Kitambaa kizito, mikono mirefu, kola ya kufunga shingo. Kila mshono nauchukia. Nimefumua bega la kushoto mara mbili, halikuwa na kosa lolote.

Keza hali vizuri. Vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani. Shuleni mwalimu wake kasema anatazama nje tu, kauliza kama nyumbani kuna amani. Nimejibu ipo.

Jumapili, 1 Desemba

Niandike yote, nisisahau hata moja.

Tumetoka kanisani, Seba anaoga uani. Hodi. Bibi yake Koku. Kavaa gauni la sherehe, gomesi la kijani, mabega yamesimama. Nyuma yake kijana wake mkubwa na mkungu wa ndizi kichwani, na Koku na kuku kwapani. Nikajua wamekuja kudai jambo.

Na kweli wamekuja kudai. Amekataa kiti mpaka baba mwenye nyumba atoke. Seba akatoka na shati halijafungwa vifungo. Bibi akasema amewauliza watu wa ukoo wao. Kwanza walicheka. Wasichana na mukago, wapi na wapi. Kisha mmoja mzee akauliza walikula punje za tunda moja au la, na kicheko kikaisha. Mukago hauna kufutwa. Umekosewa, umefanywa na watoto, umefanywa na wanawake, lakini umefanywa. "Sasa nasikia huku mnataka kumvusha mpaka. Waitu, jamani, mtoto wetu anavushwaje mpaka na sisi hatujaambiwa?"

Seba akanigeukia. "Mtoto wao?"

Nikaeleza. Kahawa, kitovu, yote niliyoficha. Nikasema ni mchezo tu, bibi asamehe, watoto hawakujua. Nilidhani namsaidia Keza.

Seba hakunisikiliza. Amemwita Keza. Kamuuliza taratibu, kama anavyosikiliza mashine kabla ya kuifungua. Tunda lilikuwa moja? Moja. Damu ilitoka kitovuni? Ndiyo. Ulimeza ya kwake, yeye akameza ya kwako? Ndiyo. Mlisema nini? Keza akatazama chini. "Nilisema, ukifiwa nitakuja."

Mume wangu akakaa chini. Pale pale kwenye ngazi.

Kumbe kwao nako upo. Miaka yote hii sikujua. Huko wanauita kunywana. Baba yake alikuwa na ndugu wa namna hiyo, mtu wa ng'ambo ya mpaka, hawakuwa na babu mmoja wala lugha moja. Mwaka wa njaa mtu yule aligawa mbegu yake ya mwisho, nusu kwa watoto wake, nusu kwa akina Seba. Ndiyo maana Seba yuko hai. Baba yake alipokuwa anakufa aliwaambia wanawe: mnaweza kugombana na mimi kaburini, lakini na nyumba ya yule msigombane. Seba aliyasimulia haya kwa Kifumbira kilichochanganyika na Kinyambo na bibi akaitikia kila sentensi, na mimi nimesimama mlangoni kwangu, nadaka neno moja moja.

Kisha Seba akainuka, akafunga vifungo vya shati, akamwendea bibi akamwamkia upya. Si shikamoo ile ya mtu mzima yeyote. Kaipiga kwa mikono miwili, kainama, kama kwa mama mkwe.

Keza haendi.

Nimefurahi. Na nimekasirika pia. Wiki tatu nimebembeleza, nimelia, nimenuna, mume hakusogea hata inchi. Punje ya kahawa imemsogeza.

Kuku tumemchinja. Keza amekula mapaja yote mawili.

Jumamosi, 7 Desemba

Seba kaenda Kisoro peke yake, kumweleza mama yake. Kabeba gauni, atampa binamu mmoja wa Keza. Kabla ya kupanda bodaboda akaniomba radhi kwa lile neno la cherehani. Nikamwambia mimi pia nilificha. Tukaachana vizuri.

Shuleni si kwamba mambo yamenyooka. Siku ya kufunga kuna mtoto alimwita tena mnyamahanga. Koku akamrukia. Wote watatu wakapewa adhabu ya kufagia uwanja. Nimemsema Keza kidogo, kwa sababu inabidi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimempigia dada yangu Muheza. Nyuma ya sauti yake nikasikia watoto, masufuria, mtu anaimba vibaya. Akaniuliza nakuja lini. Nikasema mwakani. Kila mwaka nasema mwakani.

Keza akaongea naye dakika mbili, akaishiwa maneno. "Shikamoo mama mkubwa, hatujambo, ndiyo, ndiyo." Akanirudishia simu akakimbia kwenda ng'ambo ya bonde, kule wanapika ndizi na nyama na hawezi kukosa. Namkumbuka mama yangu. Machungwa sasa yameiva kwetu. Yale yanayobaki ya kijani nje hata yakiiva.

Alhamisi, 9 Januari

Asubuhi hodi. Kijana wa bibi yake Koku, kofia mkononi. Shemeji yake bibi amefariki, yule mzee aliyeuliza habari ya tunda moja. Nikampa pole, nikatafuta kanga ya msibani, nikasema nakuja sasa hivi.

Akasema, "Sawa, mama. Ila nimetumwa kumchukua Keza."

Nikauliza abebe nini. Keza alikuwa keshavaa viatu. Kalala huko.

Ijumaa, 10 Januari

Mazishi yamekwenda salama. Mvua ilisubiri.

Nilifika mapema. Wametandika nyasi kavu, majirani na watu wa sokoni tumekaa upande wa nje, chini ya migomba. Wenye msiba wako ndani na kwenye kibaraza. Keza nilimwona mara moja akipita na kuni, kitambaa kichwani, katikati ya wasichana wa nyumba. Mwanamke mmoja asiyenijua alimwita kwa sauti, "We binti, lete maji!" na akaleta. Shangazi wa Koku alikuwa analia ukutani. Keza akaenda akakaa karibu naye.

Nilitaka kwenda kumwambia afunge kamba ya kiatu. Sikwenda. Mahali pale hapakuwa pangu.

Baada ya kuzika, chakula. Wasichana wakatoka na majagi na mabeseni kunawisha wageni. Keza alianzia mwisho wa mstari wetu. Anapiga goti, anamimina, anangoja, anainuka. Mmoja baada ya mwingine. Hakuruka mtu.

Akafika kwangu. Akapiga goti kama kwa wengine. Akamimina maji, kidogo kidogo, mpaka viganja vyangu vikatakata.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu kwetu."

Nikasema asante. Akaenda kwa aliyefuata.